Vipande Viwili vya Kushoto

Mliosoma wiki iliyopita mnajua niliishia wapi. Kwa waliochelewa nitasema mara moja tu. Nilisinzia kwenye mkutano wa wazazi, mbele ya walimu na wazazi wote, nikakoroma, na siku ileile wifi yangu akamchukua binti yangu wa miaka tisa kutoka shuleni na kwenda kukaa naye. Akaniwekea sharti. Miezi mitatu bila tone la pombe. Tajiri wangu wa kazini ndiye shahidi. Siku ya tisini nikiwa safi, mtoto anarudi nyumbani. Nikiteleza hata mara moja, nisahau.

Na ninyi mnaoniandikia barua kupitia gazeti hili, mkiniita dada na kunishauri niokoke, tunzeni wino wenu. Sikuanza kusimulia ili nibembelezwe. Yule aliyeandika kwamba mwanamke mlevi ni aibu kuliko mwanamume mlevi, naye namjibu hapa hapa. Mimi si mlevi. Mlevi ni yule anayelala mtaroni na viatu mkononi. Mimi nilikuwa nakunywa kwa kipimo, kazini, ili kazi iende.

Haya, chekeni kabisa, halafu msome.

Kazi yangu ni kukata nguo. Sishoni. Karakana yetu ina mafundi watano wa cherehani, lakini mkataji ni mmoja tu, ndiye mimi. Mteja akileta kitambaa, mimi ndiye ninayekitandika mezani, naweka juu yake karatasi ya mfano, nachora kwa chaki, napitisha mkasi. Wenzangu wakikosea wanafumua na kushona upya. Mimi nikikosea, kitambaa kimeshakwenda. Ndiyo maana wananiita Hakimu. Nikishakata, hakuna rufaa.

Jina hilo nalipenda kuliko nililopewa na wazazi. Mama yangu mzazi alikuwa akinitazama mikono na kusema, "Huyu na mikono hii ya mbeba mizigo, nani atamwoa?" Alisema mbele ya wageni, tena akicheka. Nilikua nikiificha chini ya meza. Nilipoanza kukata suti nikiwa na miaka ishirini na miwili, wateja wanaume walikuwa wakiniona na mkasi wanaangaza huku na huku na kuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Viganja vinaloa jasho, chaki inateleza, nachora mistari kama ya mtoto wa chekechea.

Siku moja fundi wa zamani wa pale, ambaye sasa ni marehemu, akanipa funda moja kutoka kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Haikuwa dawa. Nikainua kichwa nikajiona kwenye kile kioo kirefu cha chumba cha kujaribia nguo. Mabega yamekaa sawa. Mikono ni ileile, lakini sasa ni ya mtu anayejua anachofanya. Mteja akaingia, akauliza fundi yuko wapi. Nikamwambia, "Simama wima, toa mikono mfukoni, fundi anakupima." Akasimama wima.

Basi nikajua Hakimu anakaa wapi. Funda la asubuhi, funda la baada ya chai, na la jioni ili nisirudi kuwa yule msichana wa kuficha mikono. Miaka kumi na minne. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuharibu kitambaa hata kimoja, na anayebisha ajitokeze.

Wifi alipoweka sharti lake, niliacha siku ileile. Sikwenda kwa daktari, sikwenda kwa mchungaji. Niliacha kwa hasira. Kila asubuhi nilikuwa namwona wifi kichwani mwangu, na ule mdomo wake alioubinua, nakunywa chai kavu huku nameza matusi.

Watu walinitisha kwamba mkono utatetemeka. Haukutetemeka. Kilichoondoka ni uhakika. Nilianza kupima mara tatu. Nachora, nafuta, nachora tena. Nashika mkasi, nauweka chini, naenda dirishani, narudi. Mafundi wanakaa bila kazi wakinisubiri, wanapiga soga. Kwenye kioo kirefu nikaanza kumwona mwanamke mnene kidogo, mwenye mikono mikubwa, anayeomba ruhusa ya kuwepo. Nilimchukia. Nikawa nakipita kioo kile nikiwa nimegeuza uso.

Na Miwani akaona. Miwani ni fundi wetu wa makoti, mwanamume mpole, miwani yake ameifunga kwa uzi nyuma ya masikio. Anaongea taratibu, tena kwa heshima ya kuudhi. Tangu aje pale anaitamani meza yangu ya kukatia. Hajawahi kusema, ila kila nikitoka kwenda chooni nikirudi namkuta amesimama karibu nayo, kiganja kimelala juu ya ubao kana kwamba anaupima homa.

Sasa ndipo akatokea daktari wa meno.

Huyu alifiwa na mkewe miaka mingi iliyopita, na alikuwa anaoa tena Jumamosi. Alikuja na mahameli ya bluu, aliyoinunua mwenyewe safarini, kipande cha kutosha koti moja na hakibaki hata cha kufutia viatu. "Nimeambiwa nisimwachie mtu mwingine," akaniambia. "Nimeambiwa ni wewe." Zamani ningemjibu kwamba waliomwambia wana akili. Siku hiyo niliitikia kwa kichwa tu.

Nawaeleza jambo moja la kazi, nalo si gumu. Vitambaa vingi unavikunja mara mbili na kukata tabaka zote mbili kwa pamoja, unapata upande wa kulia na wa kushoto kwa mkupuo mmoja. Mahameli haikubali. Ukiikunja inatambaa, tabaka zinapishana. Inatandikwa wazi, uso wake wa vinyweleo ukiwa juu, na unakata kipande kimoja kimoja. Ukimaliza cha kushoto, unaipindua karatasi ya mfano, ndipo unakata cha kulia. Kupindua karatasi. Basi. Anayeanza kazi anafundishwa hilo kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Nilikata Jumanne mchana. Nilipima mara nne. Nilikuwa na hofu ya sentimita, hofu ya mstari, hofu ya vinyweleo kulala vibaya. Nilikata polepole kwa pumzi ya kuhesabu. Nilipomaliza nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu niache, hata nikaimba njiani kurudi nyumbani.

Jumatano asubuhi, siku ya themanini na nane, Miwani akaniita.

"Hakimu, samahani. Naomba uje kidogo."

"Kuna nini?"

"Njoo uone mwenyewe. Sitaki kusema kwa sauti."

Alisema kwa sauti.

Alikuwa amevilaza mezani vipande viwili vya mbele ya koti, kimoja kando ya kingine. Vilifuatana kama nyayo za mguu mmoja. Alama za mfuko upande uleule. Mzunguko wa shingo upande uleule.

"Hiki ni cha kushoto," akasema. "Na hiki nacho ni cha kushoto."

"Kipindue."

"Nikikipindua, mahameli inaangalia ndani. Bwana harusi atavaa koti nusu lake limegeuzwa?"

Mpiga pasi akacheka. Nilimtazama, akarudi kwenye pasi yake.

Nilivishika vile vipande. Nilivigeuza, nikavigeuza tena, kama vile vingenionea aibu na kujirekebisha. Sikuwa nimeipindua karatasi. Nilipima kila kitu duniani, karatasi nikaisahau.

Tajiri akatoka ofisini kwake. Ni mzee mfupi, futi ya kupimia iko shingoni hata akienda benki. Hakuuliza kuna nini, alitazama tu meza akaelewa. Akakichukua kipande kimoja, akapitisha kidole gumba ukingoni, kuanzia begani mpaka chini. Akakichukua cha pili, akafanya vilevile. Kisha akaniangalia.

"Umekunywa?"

Cherehani zote zikanyamaza.

Jibu nilikuwa nalo. Siku themanini na nane nililibeba jibu hilo ili nilitoe siku kama ile, kichwa juu. Nilifungua mdomo. Miwani akaniwahi.

"Tajiri, tusimwonee," akasema. "Mimi nakaa naye hapa kila siku. Leo hanuki kitu. Jana hakunuka kitu. Hajanywa, nakuhakikishia." Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati, taratibu. "Na kama hajanywa, basi labda huu ndio uwezo wake. Pengine miaka yote tulikuwa tunaisifia chupa."

Nisiwafiche, mkasi ulikuwa karibu. Nilikunja vidole ndani ya kiganja ili nisiuguse.

Kwa sababu hakuwa amenitukana. Angenitukana ningemjibu, midomo ninayo. Alikuwa amesema kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakifikiria kila nikipita kwenye kioo kile, na alikuwa amekisema mbele ya watu kwa sauti ya kunitetea.

"Jibu," Tajiri akasema.

"Nitakujibu nikirudi."

"Ukirudi kutoka wapi? Nimekuuliza swali la ndiyo au hapana."

"Nikirudi."

"Daktari anakuja saa tano kujaribu koti lake. Nimwambie nini?"

"Mwambie unachotaka. Karakana ni yako."

Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Nyuma yangu nikasikia cherehani moja ikianza tena, na bila kugeuka nilijua ni ya Miwani.

Mtaani jua lilikuwa kali. Nilitembea haraka bila kujua naenda wapi, au tuseme nilijua. Nilikuwa nagombana na watu kichwani. Na Miwani. Na wifi. Na mama yangu, ambaye hata hayupo duniani kunijibu.

Nikisema sijanywa, mtoto anarudi Ijumaa. Sawa. Lakini anarudi kwa nani? Kila Jumapili nilipokwenda kumtembelea kwa wifi, binti yangu alikuwa akiwaambia watoto wa jirani, "Mama yangu anaitwa Hakimu. Akikata hakosei." Nimrudishie mama mwingine, aliyesahau kupindua karatasi, aliyenyang'anywa meza na mtu wa miwani ya uzi?

Nikisema nimekunywa, basi pombe ndiyo iliyokosea. Hakimu mwenyewe hana kosa. Watu watasema, ah, yule mama angekuwa na akili zake hakuna wa kumfikia. Hayo ni maneno ninayoweza kuishi nayo. Nimeishi nayo miaka kumi na minne.

Na wifi je? Hapo nilijidanganya vizuri sana. Nikajiambia Tajiri ananipenda, nitamlilia kidogo, atanifichia siku mbili zilizobaki. Atamwambia wifi niko safi. Kwa hiyo nitapata vyote, jina na mtoto. Msinicheke. Hata ninyi mna siku mlizopanga mambo ya kijinga namna hiyo, ila ninyi hamkuandikwa gazetini.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Tajiri angeniambia nimpulizie. Nami nilikuwa nanuka sabuni.

Mwenye baa alikuwa anafagia. Ni mama wa makamo, mnene, kanga kiunoni, viti vyote vimepandishwa juu ya meza.

"Tumefunga," akasema bila kunitazama.

"Mlango uko wazi."

"Nimeufungua hewa iingie." Ndipo akanitazama. Akaegemea fagio. "Heee! Ni wewe? Si nilisikia umeacha? Nimekusifia hapa mbele za watu mpaka wakanichoka."

"Nani alikutuma unisifie?"

"Siku ngapi sasa?"

"Themanini na nane."

"Basi nenda nyumbani ukanywe maji."

"Mama, unauza pombe au unahubiri?"

"Nauza. Lakini wewe nikuulize kitu. Miaka yote ulikuwa unakaa pale kwenye kona unaniambia wewe si mlevi. Sivyo?"

"Ndivyo. Mimi si mlevi."

"Mlevi akija saa nne asubuhi nampa, kwa sababu namjua shida yake. Wewe usiye mlevi unataka nini kwangu saa hizi?"

Nilimwambia anipe au nitakwenda kwa jirani yake, ambaye glasi zake angalau zinaoshwa. Hilo lilimuuma. Alikwenda kaunta, akamimina, akaiweka mbele yangu kwa kishindo mpaka ikamwagika.

"Kunywa," akasema. "Na usije tena kuniambia wewe ni nani. Mimi nimeshakujua."

Niliiangalia ile glasi. Naapa sikuwa na kiu. Sikuwa na hamu hata kidogo. Kwenye themanini na nane zile kulikuwa na siku nilizouma mto kwa hamu, lakini siku ile hapana. Nilikuwa nafuata ushahidi, kama mtu anayekwenda ofisini kugongewa muhuri.

Nikainywa.

Ikashuka ikichoma, ikatulia. Nikasubiri kidogo. Kisha, jamani, niseme ukweli, nilifurahi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga. Shingo ilinyooka yenyewe. Nikaweka mikono yangu juu ya kaunta, yote miwili, wazi, nikaitazama bila kuona haya. Ilikuwa mizuri. Hakimu alikuwa amerudi. Nilitaka kumkumbatia.

Nikaagiza ya pili, ili harufu isiwe ya kubahatisha. Mwenye baa alimimina, akarudi kwenye fagio lake.

Njiani kurudi nilitembea katikati ya barabara, watu wakinipisha. Maneno nilikuwa nimeshayapanga. Tajiri, uliniuliza swali. Jibu ni ndiyo, nimekunywa, tena tangu jana. Sogea nikupulizie. Na wewe Miwani, siku utakayoweza kukata nusu ya ninavyokata mimi nikiwa nimelewa, ndipo uniletee domo lako. Niliyarudia mpaka yakawa laini. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Niliusukuma mlango wa karakana kwa bega. Saa sita ilikuwa inakaribia. Cherehani zilikuwa zinakwenda kama kawaida, pasi inatoa mvuke, na Miwani alikuwa ameinamia mshono wake kama aliyetoka kugombezwa. Hakunitazama.

Tajiri alikuwa upande wa pili wa meza yangu ya kukatia. Aliniona nikivuta pumzi kuanza. Akainua mkono.

"Usiseme kitu," akasema. "Kaa kimya unisikilize kwanza, maana nakujua, ukianza hutanyamaza."

Nikafunga mdomo. Nilimpa dakika moja, kwa ukarimu.

"Daktari amekuja na kuondoka. Nimemweleza wazi kwamba mkataji wangu amekosea. Unajua amefanya nini? Amecheka. Anasema mwaka wake wa tatu kazini alimng'oa mtu jino zima, la ubavuni mwa lile bovu. Bila ulevi, bila usingizi. Alikuwa na woga tu. Amekubali mbele tuweke sufi nyeusi, mahameli iende kwenye kola na mikono. Anasema hata hivyo ile bluu tupu ilikuwa inamtia wasiwasi, mchumba wake angemfananisha na kochi."

Mafundi wakacheka. Mimi sikucheka.

"Sasa sikia na hili. Nilikuuliza kama umekunywa, na lilikuwa swali la kipumbavu, kwa sababu jibu nilikuwa nimelishika mkononi." Akavishika vile vipande viwili vya kushoto, akaniwekea mbele yangu. "Pitisha kidole hapa ukingoni. Umenyooka kuanzia begani mpaka chini, mkasi haukuyumba hata mahali pamoja. Mimi nimeajiri walevi, nimemzika mmoja. Mlevi anapinda. Aliyekata hiki alikuwa mzima kabisa, alikuwa anaogopa, akasahau karatasi. Mahameli yangu ya kwanza nilikata vipande viwili vya kulia. Nikavificha chini ya godoro mwaka mzima, mke wangu akadhani nina mwanamke."

Akazunguka meza hatua moja. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Miwani nimeshamwambia lake. Meza ni yako. Ukiiacha ni kwa sababu umezeeka. Umenielewa?"

Niliitikia kwa kichwa. Midomo nilikuwa nimeibana mpaka inauma. Yale maneno yote niliyoyapanga yalikuwa kooni, na chini yake kulikuwa na glasi mbili, zikianza kupanda. Nilijaribu kuhesabu muda gani harufu inadumu. Nilifikiria maji. Nilifikiria karafuu. Nilifikiria kusema naumwa, lakini hata hilo lilihitaji mdomo.

Nilimchukia Tajiri wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia Miwani. Angesema hayo asubuhi. Angeyasema mbele ya vipande, alipokuwa anapitisha kile kidole chake, badala ya kuniuliza kama polisi. Angesema neno moja tu.

"Halafu," akasema, "nimempigia wifi yako simu."

Nilishika ukingo wa meza.

"Usinitolee macho. Nilijua wapo watakaompelekea habari ya kuharibika kitambaa, na wataitia chumvi. Nikaona heri aisikie kwangu. Nimemwonyesha hivi vipande, nimemfundisha kuvisoma. Nimemwambia mimi ni shahidi, na nimeshuhudia."

Pazia la chumba cha kujaribia nguo likavutwa.

Wifi akatoka. Alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda mahakamani, mkoba kwapani, mdomo uleule. Lakini macho yake hayakuwa yaleyale, alikuwa anatafuta pa kuyaweka.

"Nilipopigiwa simu nilijua nimekukamata," akasema. "Nisikufiche. Nimekuja na maneno yangu yote tayari, nilikuwa nayasema njiani peke yangu. Mzee wako akaniwekea vitambaa mbele, nikaenda kumtoa mtoto shuleni." Akakohoa. "Mimi siombi msamaha, unanijua. Zimebaki siku mbili. Siwezi kusimama hapa nahesabu siku mbili, mwenzangu. Mchukue mtoto wako."

Nyuma yake, ndani ya kile chumba, mbele ya kioo kirefu, alikuwa amesimama binti yangu na begi mgongoni. Alikuwa amerefuka tangu Jumapili, au nilihisi hivyo tu. Nywele zimesukwa vizuri, kwa mkono wa wifi. Alikuwa anatabasamu huku akijizuia, kama mtoto aliyeambiwa aingie kwa adabu.

Akaja mpaka mbele yangu. Akasimama karibu, karibu kabisa, uso ameuinua.

"Shikamoo, mama."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Watu walitaka kuona. Tajiri alikuwa anachekelea, futi shingoni. Hata Miwani aliinua kichwa. Wifi alikuwa ameshasogea, yuko nyuma tu ya mtoto, mkono begani kwake, ananitazama mdomoni akisubiri neno langu moja, neno ambalo mzazi yeyote analitoa bila kufikiri.

Nilimshika binti yangu kichwa. Nilitabasamu kwa macho. Niliitikia kwa kichwa, nikamshika mashavu, nikaitikia tena. Pumzi ilikuwa imeniishia kifuani.

Nikaona wifi anakunja uso.

"Shikamoo, mama," binti yangu akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani sijasikia.